Mpira puani, nashukuru Mungu

Wapendwa, sijawahi kuvuta sigara maishani. Mapafu yangu yameharibiwa na moshi wa kuni, miaka yote ile ya kupikia mafiga matatu kwenye jiko lisilo na dirisha. Sasa naishi na mashine ya oksijeni, lita 2 kwa dakika, inanguruma usiku kucha. Umeme ukikatika, mwanangu anakimbilia mtungi wa akiba.

Mkija kunisalimia, karibuni sana, ila msiwashe sigara, mshumaa wala udi karibu nami. Oksijeni huchochea moto. Na mkiniona nahema, tafadhali msiniongezee oksijeni. Daktari anataka kipimo cha kidoleni, kile cha oksijeni kwenye damu, kisome asilimia 88 hadi 92. Kwangu mimi, oksijeni ikizidi nayo ni hatari.

Leo nimeanika kanga zangu mwenyewe. Nimefurahi mno!