Jumamosi na vijana milimani

Wazazi mliotukabidhi vijana wenu Jumamosi, asanteni sana. Tuliwapandisha milimani juu ya kijiji, upande huu wa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, sisi wa kujitolea pamoja na mzee mmoja anayeijua miti kwa majina yake ya Kiha. Huyo ndiye mwalimu wetu sote.

Wengi walidhani Gombe ni ya wageni tu. Tulipowasimulia kwamba Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika mwaka 1960 akiwa na miaka 26, hana shahada, akawatazama sokwe kwa subira mpaka akamwona mmoja akivua mchwa kwa kijiti, maswali hayakuisha. Binti wa kidato cha pili akauliza, "Kwa hiyo na mimi naweza?" Unaweza, mwanangu, tena sana.

Tukawaonyesha na korongo lililobaki uchi baada ya miti kukatwa. Mvua ikinyesha, udongo unashuka hadi Ziwa Tanganyika na kufunika mawe ambako samaki huzaliana. Watoto wa wavuvi walielewa haraka kuliko nilivyotarajia.

Jumamosi ijayo tunapanda tena. Akina mama, tunawahitaji hasa ninyi: mabinti wanaongezeka na wanataka mtu wa kuwasikiliza.