Nafuu

Juzi usiku binti yangu aliacha kula, akatia kidole mdomoni, kisha akasema, "Mama, jino langu linacheza." Alikuwa na furaha. Wenzake wa darasani karibu wote wameshang'oka meno ya mbele, yeye alikuwa amebaki nyuma, na sasa zamu yake imefika.

Niliwasha tochi ya simu nikamwambia apanue mdomo. Lilikuwa jino la mbele, la chini, ufizi wake mwekundu safi, linasogea kidogo ukiligusa. Nikaenda nyuma, kwenye magego. La kulia, la kushoto, ya juu, ya chini. Nikapitisha kidole gumba chini ya taya polepole, kama mtu anayetafuta jiwe ndani ya mchele. "Mama, ni hili la mbele," akasema, mdomo bado wazi. Baba yake akanitazama, akaelewa, akaanza kuondoa vyombo mezani bila neno.

Kwa Otieno yalianza magego.

Ilikuwa 2003, mwaka ule shule za msingi zilipofanywa bure Kenya. Mdogo wangu alikuwa na miaka sita, ameingia darasa la kwanza pale nyumbani Ahero na sare iliyomzidi mabega. Mwezi wa tatu akaanza kutafunia upande mmoja. Gego la chini, upande wa kulia, lilikuwa linacheza, na gego la mtoto wa miaka sita halina sababu ya kucheza. Hilo nalijua leo. Kwenye kliniki moja ya mtaani waliling'oa, wakatupa dawa ya maumivu, tukarudi nyumbani. Wiki iliyofuata la jirani yake nalo likalegea. Mama akawa anamkanda shavu kwa kitambaa cha maji moto ya chumvi, jirani akasema huenda mtoto ameumwa na mdudu. Shavu likazidi kupanda. Unalala limefika hapa, unaamka limefika pale. Wiki ya tatu ilipoisha, midomo yake ilikuwa haikutani tena. Meno yalikuwa yamesukumwa yakalalia ulimi, mate yakawa yanamtoka usiku kucha, na kola ya shati lake haikukauka tena.

Mwalimu wake ndiye aliyetuambia, "Mpelekeni Russia, msingoje Jumatatu." Wa Kisumu mnapajua, ile hospitali kubwa ya Kondele iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, jina likabaki vinywani mwa watu hadi leo. Tulikwenda watatu, Mama, Otieno na mimi. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa kidato cha pili, miaka kumi na mitano. Nilihitajika kwa sababu Mama hakuwa na Kiswahili cha kuongea na daktari. Kila kilichosemwa kwenye wodi ile kilipitia mdomoni mwangu kabla hakijamfikia.

Daktari alimpapasa taya, halafu akamlaza akampapasa na tumbo, muda mrefu. Sikuelewa tumbo linahusianaje na meno. Wakakata kipande kidogo cha uvimbe, kikaenda maabara, na majibu yaliporudi nikalisikia lile jina kwa mara ya kwanza: limfoma ya Burkitt. Nikamwuliza ni nini. Akasema ni saratani, inapenda watoto, inapenda taya na tumbo, na inakimbia sana. Mama akaniuliza amesema nini. Nikamwambia ni uvimbe mbaya lakini una dawa. Ukweli ulikuwa umo humo.

Miaka mingi baadaye nilikaa nikasoma, maana nilitaka kujua ni kitu gani kilichoingia nyumbani kwetu. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ayalandi aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, akatupa jicho dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Akatoka nje kumfuata. Mwaka 1958 aliuandika ugonjwa huo akiuita sarkoma, saratani ya nyama laini, na baadaye ndipo ilipotambulika kuwa ni limfoma, saratani inayoanzia kwenye chembe za kinga ya mwili. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipakia gari wakasafiri karibu kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza kama watoto wa namna hii wameonekana huko. Ramani waliyoipata ilifuata joto na mvua. Katika nchi zetu hizi za ikweta, ukishapanda kupita mita 1,500 hivi, ugonjwa unakuwa adimu.

Nilipofika hapo niliweka simu chini. Kutoka uwanjani kwetu milima ya Nandi inaonekana waziwazi, na jioni inageuka buluu. Otieno alikuwa akiichora ukutani kwa mkaa. Kule juu baridi inawazuia mbu. Sisi wa tambarare ya Kano tuna joto, tuna mpunga, tuna maji yaliyotuama, na malaria tunaizoea kabla ya kujua kutembea. Mwaka 1964 watafiti Epstein, Barr na Achong waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe uliotoka Uganda. Ni kirusi ambacho karibu kila mtu hukipata, wengi wetu huku utotoni, na hakitudhuru. Lakini kwa mtoto ambaye malaria imeichosha kinga yake tena na tena, mara moja moja, chembe moja hupotea njia na kuanza kujigawa bila breki. Uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo macho yetu hayakutudanganya asubuhi zile.

Kwa sababu chembe zinakimbia hivyo, dawa nayo inaziua kwa kasi hiyohiyo. Zinapokufa kwa wingi, taka zake zinaweza kuziba figo, ndiyo maana alitundikiwa maji usiku na mchana, nami nikapewa jagi lenye mistari nipime kila mkojo wake na kuandika nyuma ya daftari langu la Historia. Alipewa siklofosfamaidi na vinkristini kwenye mshipa, na methotreksati kwa sindano ya uti wa mgongo. Hiyo ya mgongo ndiyo iliyomtoa Mama wodini akaenda kusimama nje. Nilimshika Otieno magoti, sista akamshika kichwa, akiwa amejikunja kama kamba.

Asubuhi ya tatu baada ya hapo nakumbuka hata harufu yake: dawa ya kuoshea sakafu, na uji unaosukumwa kwa toroli kutoka mwisho wa wodi. Nilikuwa nimelala kwenye kanga sakafuni, chini ya kitanda chake. Kwa wiki nzima nilikuwa nikilala na kuamka kwa sauti yake ya kuhema kwa mdomo, sauti ya majimaji, kama mtu anayefyonza chai iliyobaki kikombeni. Siku hiyo kilichoniamsha ni kimya.

Nilidhani amekufa. Sikuinuka mara moja. Nilitazama chini ya kitanda, zile springi zilizobonyea kidogo pale alipolala, nikazihesabu. Halafu nikasimama.

Alikuwa amelala ubavu, uso dirishani. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Wa juu umelala juu ya wa chini kama ilivyo midomo ya watu wote, na katikati mstari mweupe wa mate yaliyokauka. Alikuwa anapumua kwa pua. Niliinama hadi pumzi yake ikanigusa shavuni. Lile shavu lililokuwa gumu, ngozi yake ikimeta kwa kukazwa, lilikuwa limelegea na kufanya vikunyanzi vidogovidogo kama embe lililokaa siku nyingi. Niligusa kwa kidole kimoja. Ngozi ilisogea.

Akafungua macho, akanipita, akamtazama Mama aliyekuwa amesinzia kwenye kiti. Akasema, "Mama."

Jaribuni kulitamka neno hilo bila kukutanisha midomo. Kwa wiki mbili alikuwa akimwita "Aa-a". Mama aliruka kama aliyemwagiwa maji. Otieno akaona limefanya kazi, akalirudia, "Mama, mama, mama," na mara ya nne akasema, "Mandazi."

Sista alifika na kadi yake, akamgeuza uso huku na huku, akatabasamu. "Amepata nafuu," akaniambia. "Lakini hii ni dozi moja. Zimebaki tano. Mwambie Mama, zimebaki tano."

Mama akanishika mkono. "Nyara, owacho ni ang'o?" Anasema nini?

Nikamwambia, "Ochango."

Ochango ni amepona. Kijaluo kina njia nyingi za kusema kwamba mgonjwa ana unafuu leo, kwamba amekula, kwamba joto limeshuka. Nilizijua zote. Lakini nilikuwa nimeiona ile midomo imefungana, na hilo ndilo neno lililokuja. Zile tano nilizitaja baadaye, jioni, tukiwa tunakunja nguo, na zilikuwa zimeshapoteza uzito. Baba alipopiga kwa simu ya jirani akaniuliza mimi, nami nikamjibu neno lilelile.

Kitanda cha pili alikuwapo nyanya mmoja kutoka Siaya na mjukuu wake mwenye uvimbe chini ya jicho. Walikuwa kwenye dozi ya nne. Aliwafulia watu nguo pale nje ili apate cha kula. Tulipoaga alimwuliza Mama, "Mnarudi lini?" Mama akamwonyesha tarehe kwenye kadi, wiki mbili mbele. Yule nyanya akasema, "Rudini. Hata mtoto akiwa anacheza mpira, rudini."

Na kweli alikuwa anacheza mpira. Siku ya kumi uso ulikuwa umerudi, ukimtazama huwezi kujua. Kanisani tulitoa shukrani. Mvua ikanyesha, mto Nyando ukajaa, njia ya kwetu ikawa matope, mahindi yanataka palizi, nauli ya watu wawili kwenda Kisumu ilikuwa chakula cha nyumba nzima, na Baba akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si alishapona?" Alinitazama mimi akiuliza. Kadi ilikuwa kwenye kopo la majani ya chai. Nilijua ilipo.

Wiki ya tano, usiku, nilikuwa nasoma kwa koroboi, Otieno amelala mkekani mbele yangu. Nilipoinua macho niliona ananitazama kwa jicho moja. Nikamwambia lala. Hakujibu. Nikasogeza taa. Jicho la kushoto limefumba, la kulia liko wazi, jeupe, na mwenyewe yuko usingizini kabisa. Nilijaribu kulifumba kwa kidole, likafunguka tena. Taya lilikuwa safi. Nililipapasa lote, halikuwa na kitu.

Asubuhi akicheka, kicheko kilikwenda upande mmoja.

Daktari hakutugombeza, na ningependa angetugombeza. Alinieleza kwamba dawa ya mshipani haifiki vizuri kwenye maji yanayozunguka ubongo, kwamba ugonjwa huu hupenda kujificha huko, na kwamba ndiyo kazi ya ile sindano ya mgongo inayorudiwa kila dozi. Safari hii nilitafsiri neno kwa neno. Waliendelea na dawa. Mwezi wa sita Otieno akafariki, tukamzika nyumbani, upande unaotazama Nandi.

Miaka mingi baadaye nilimwuliza daktari mwingine, mtu niliyemwamini, kama tungerudi tarehe ile ingekuwaje. Alifikiri kabla ya kujibu. Akasema wapo wanaomaliza dozi zote na ugonjwa unarudi, na wapo wengi tu wanaomaliza, wakakua, wakaoa. Hakusema Otieno angekuwa kundi gani. Nami sikuuliza tena. Kuna siku nashika jibu la kwanza na kuna siku nashika la pili. Mama hajawahi kunitajia lile neno. Pengine hakumbuki nilisema nini, pengine anakumbuka. Mbele ya nyumba yake kuna yale maua madogo ya rangi ya waridi yenye asili ya Madagaska, yanayojiotea hata kwenye nyufa za saruji. Vinkristini inatoka kwenye majani yake. Yalikuwapo hata wakati ule, Otieno akiyachuma kuwapa kuku.

Sijui kama niliandika haya kwa sababu ya jino la binti yangu au kwa sababu juzi kazini nilimsikia mama mmoja kijana akisema kwenye simu, "Mtoto amepona, uvimbe umeisha wote," nami nikashindwa kujua nimsimamishe au nimwache. Nilimsimamisha. Nilimwuliza wamebakiza dozi ngapi. Alinitazama kama mwendawazimu, kisha akasema tatu.

Jino lilitoka jana jioni, kwenye muwa. Lina ncha kali chini, halina mzizi, kama inavyopaswa. Amelifunga kwenye karatasi alirushe juu ya mabati asubuhi. Usiku niliingia chumbani kwao nikainua chandarua, nikainama na simu, mwanga nimeufunika kwa kiganja. Alikuwa anahema kwa pua. Macho yote mawili yamefumba.