Mguu wa baba

Jumatatu ya wiki iliyopita nilimpeleka mama Chake Chake, hapa Pemba, kufuatilia fidia ya marehemu baba ya kuumia vitani. Yeye anakaa Konde, mie nipo Wete, kwa hiyo nililala kwake ili tuwahi gari ya alfajiri. Nilipoamka kusali nikamkuta keshaweka kila kitu juu ya kitanda: buibui lake la kutokea, bahasha ya kaki yenye vyeti, tasbihi, na kikapu cha ukili. Nikakiinua kikapu, kizito. Ndani yake, umezongwa kwa kikoi cha marehemu baba, ulikuwamo mguu wake wa bandia.

"Mama, huu tuuwache," nilimwambia. "Wale wanataka karatasi."

Hakubisha. Aliutoa, akaulaza kitandani upande wa ukutani, alikokuwa akilala baba, akauvutia shuka. Kisha akavaa buibui lake tukatoka.

Baba alikuwa askari wa JWTZ. Aliingia jeshini mwaka 1973, na vita vilipoanza alikuwa keshamuoa mama na kaka yangu keshazaliwa. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa, na mama anasema hotuba ile waliisikiliza kwa jirani mwenye redio, wanaume barazani, wanawake ukumbini, na mpaka inamalizika hakuna aliyekohoa. Baba alikuwa kambini Bara. Hakupata ruhusa ya kuja kuaga. Aliumia Lukaya, Machi 1979, kwenye ile barabara inayokata kinamasi baina ya Masaka na Kampala, makombora yalipokuwa yakiwaangukia usiku na hakuna pa kukimbilia ila majini. Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili watu walishangilia nchi nzima. Yeye yuko hospitali, mguu wa kulia umekatwa chini ya goti. Mie nimezaliwa mwaka uliofuata, kwa hiyo baba wa miguu miwili simjui.

Ninachokijua ni kila usiku baada ya isha. Baba anakaa juu ya kiti kifupi uani, anafungua mikanda miwili ya ngozi, anauvua mguu na kuuegemeza ukutani. Mama anakuja na karai la maji ya uvuguvugu aliyotia chumvi. Anakiosha kigutu taratibu, anakikausha kwa kitambaa cha mfuto, halafu anakisogeza kwenye taa ya chemni na kukitazama pande zote, kwani baba mwenyewe chini ya kigutu haoni. Pakiwa na wekundu anapaka mafuta ya nazi. Pakiwa na kidonda, kesho baba hatauvaa mguu, atatembelea mikongojo, na sisi tutajua kuwa kesho ni siku ya kukaa kimya. Soksi za kigutu alizishona mama kwa fulana kuukuu. Kibanio cha mkanda wa juu kilivunjika nikiwa darasa la tano. Mama akang'oa kibanio cha kiatu changu cha skuli akakishona pale, na mpaka leo kipo. Wakati wa masika ngozi ile ilikuwa ikivimba kwa unyevu na kumkata, na nyumba nzima ikanuka ngozi mbichi.

Haya mama aliyafanya kwa miaka 32, mpaka baba alipofariki mwaka 2011.

Na hapa Pemba mguu una hesabu nyengine. Baba alirithi mikarafuu kumi na saba. Karafuu haichumwi ukiwa umesimama chini. Mti hukwewa, mtu akaning'inia juu ya tawi akivuta vikonyo. Wenzake msimu ukiingia walipanda na watoto wao, wanachuma chao, wanaanika, wanauza. Baba ilimbidi akodi wachumaji na kuwalipa kwa pishi, na mwaka wa mavuno haba malipo ya wachumaji yalikuwa yakimaliza karibu kila kitu. Mama alichuma matawi ya chini. Sisi tulichambua mpaka vidole vikawa vyeusi na kunuka wiki nzima. Hakuna jalada lolote lililowahi kuandika kuwa askari huyu akikosa mguu anakosa na karafuu zake. Pensheni yake ilikokotolewa kwa cheo na miaka ya utumishi, na haikuwa kitu cha kutajika.

Fidia ya kuumia aliifuatilia yeye mwenyewe mpaka mauti yakamkuta. Ulinzi ni jambo la Muungano, kwa hiyo karatasi zinaanzia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale Konde, na kuishia Bara, na kila safari ilikuwa ni meli ya usiku, gesti, na mtu wa kumshika mkono kwenye ngazi. Alikuwa akirudi anasema, "Wamenambia nisubiri." Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa anasubiri kwa adabu, na naamini adabu ile ilimponza.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera zaidi, ambalo nataka kila mwanamke aliyeolewa na askari alisikie.

Baba alipofariki, mama alikaa eda, miezi minne na siku kumi, kama ilivyoamrishwa. Ndani ya siku zile ndipo mambo yote ya malipo ya warithi yalipofanywa. Ilitakiwa msimamizi wa mirathi. Jamaa wa upande wa baba walikutana barazani, mama yuko chumbani anasikia sauti tu, wakamchagua ami yangu mmoja. Akaenda mahakamani, akapewa usimamizi, akafungua akaunti, na fedha zikapitia mkononi mwake. Kisheria na kidini msimamizi si mrithi. Kazi yake ni kukusanya na kumpa kila mtu haki yake. Thumni ya mama ilijulikana wazi, kwani marehemu kaacha watoto. Lakini ilimfikia kwa vipande, laki leo, elfu hamsini baada ya miezi mitatu, na kila kipande kikija na maneno ya "shemeji, nimekukumbuka". Amkumbuke kwa lipi? Ilikuwa mali yake.

Baadaye sana nilimuuliza shekhe mmoja wa Wete, mtu mzima na mwenye elimu yake, kama mama angeweza kutoka kwenda mahakamani akiwa ndani ya eda. Akanambia katika madhehebu yetu ya Shafi mwanamke aliyefiwa anaruhusiwa kutoka mchana kwa haja ya lazima, ilimradi usiku arudi kulala nyumbani kwake, na kufuatilia haki yake ni haja. Nililia mbele yake. Hakuna aliyemwambia mama hivyo mwaka ule. Na hata asingetoka, nani alimzuia karani kuja? Kutoka Chake mpaka Konde ni mwendo wa saa moja kwa gari. Eda inamfunga mjane nyumbani, haimfungi mtumishi wa serikali ofisini.

Mama alitimiza miaka 70 mwaka 2023 akaingia kwenye Pensheni Jamii. Mpango huu ulianzishwa na Serikali ya Mapinduzi Aprili 2016, wakati wa Rais wa Zanzibar Dk. Shein, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na sasa ni 50,000. Kila Mzanzibari mkaazi aliyefika miaka 70 anapata, awe alichangia mfuko au hakuchangia, awe mwalimu mstaafu au mvuvi wa pweza. Sipendi kusikia watu wakiidharau fedha ile. Mama anaipanga: unga, sabuni, dawa ya presha, na elfu tano ya sadaka kwa baba. Alipokwenda kujiandikisha alitazamwa kitambulisho na umri wake, basi. Hakuulizwa mumewe alikufa kwa nini, nani msimamizi, wala nani shahidi wa ndoa. Jioni yake alinambia, "Leo nimeulizwa jina langu mie." Maneno yale nimekaa nayo muda mrefu. Kwenye jalada la jeshi yeye ni mke wa fulani, kisha mjane wa fulani, na hayo nayo atakiwe kuyathibitisha.

Kuthibitisha ndiko kunakowaua wajane. Walipooana mama na baba, nikaha ilisomwa msikitini kijijini mwaka 1976, mahari yakatajwa mbele ya watu, biriani ya watu wa kijijini ikaliwa, cheti hakikuandikwa. Wakati ule ndoa ilikuwa ushahidi wa majirani. Leo mashahidi wawili wote wako makaburini. Halafu majina. Babu yangu anaitwa Khamis, kama sisi tunavyoandika huku. Jeshini, Bara, wakaandika Hamisi. Cheti cha kifo kimetoka hapa Pemba, kikaandikwa Khamis. Kwa herufi hizo mama ameshakula viapo viwili na kupoteza nauli nisizozihesabu tena.

Wenye waume jeshini leo, nawasihi, msingoje. Ulizeni namba ya jeshi ya mume mkaiandike pahali. Tazameni jina lake jeshini, kwenye kitambulisho na kwenye cheti chenu cha ndoa liwe moja, kwa herufi moja, maadamu mwenyewe yu hai na anaweza kwenda kulirekebisha kwa siku moja. Na siku ikifika, Mungu aiweke mbali, mseme mapema kuwa msimamizi ni mjane mwenyewe au mtoto wake mkubwa. Si kumtilia shaka ami wala baba mkubwa. Desemba 2017 wanajeshi wetu 14 waliokuwa wakilinda amani Kongo waliuawa Semuliki, na miongoni mwao walikuwemo Wazanzibari. Niliangalia majeneza yakipita kwenye televisheni na nikawafikiria wake zao, wadogo zangu kwa umri, siku ile ile wakiingia eda. Fidia ya Umoja wa Mataifa kwa askari aliyekufa hupitia serikali ya nchi yake kwanza, na baada ya hapo kuna ukoo. Njia ni ndefu, na mjane anakaa mwisho wa njia.

Chake tulifika saa moja na nusu, tukakaa kwenye benchi mpaka saa tano. Kijana aliyetupokea alikuwa na heshima, alimwamkia mama vizuri na akampa kiti chake mwenyewe, nalisema hilo kwa haki yake. Alizipitia karatasi moja moja. Akasimama kwenye Khamis na Hamisi, kama nilivyojua atasimama. Kisha akafunga bahasha akasema, "Bibi, hapa sioni uthibitisho kwamba mzee aliumia vitani. Yawezekana ni ajali nyengine. Mnao uthibitisho wowote?"

Mama hakumjibu. Aligeuka akanitazama mie.

Njiani kurudi nilikumbuka habari inayosimuliwa ya Waafrika waliokuwa askari wa Wajerumani, wale waliopigana Tanganyika kwenye vita vya 1914 hadi 1918 wakaachwa bila mishahara yao. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi likaamua walipwe waliobaki hai. Ofisi ikafunguliwa Mwanza, wakaja wazee kiasi cha 350, na wenye vyeti walikuwa wachache mno. Mmoja kaja na vipande vya koti lake la jeshi. Inasemekana mtoa fedha alimwita kila mzee mbele, akampa fagio kama bunduki, akamwamrisha gwaride kwa Kijerumani. Hakuna hata mmoja aliyekosea. Miaka karibu hamsini imepita, karatasi zimeliwa na mchwa, na mwili bado unajua. Yule bwana alikuwa na akili ya kutambua kuwa askari masikini hatunzi karatasi, na kwamba iko njia nyengine ya kumjua mtu.

Baba asingeweza kupiga gwaride. Lakini mguu ulikuwa nyumbani, juu ya kitanda, umefunikwa shuka, na aliyeuacha ni mie. Niliona haya. Nilifikiri watu kwenye benchi watatutazama, mama mzee na mguu kikapuni, na mie mwalimu wa skuli nikiwa pembeni yake.

Tumetakiwa turudi Alkhamisi ijayo na kiapo chengine cha jina na barua mpya ya sheha. Sheha keshaandika. Jana nilipofika Konde nilimkuta mama barazani, kautoa mguu juani, anaipaka mikanda mafuta ya nazi kwa kile kile kitambaa cha mfuto. Kikapu kakishona upya mkono mmoja uliokuwa umefumuka. Nimemwambia Alkhamisi nitakibeba mimi.