Niliikuta hivi

Fundi aliinua pleti moja ya klachi ya pikipiki yangu kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akainusa, kisha akaniuliza bila kunitazama: "Mwanangu, hii umeiunguza wewe au uliikuta hivi?"

Nikamjibu, "Niliikuta hivi."

Akasema, "Haya."

Hayo ndiyo mazungumzo yote. Hayakufika hata nusu dakika, naye aliendelea na kazi yake kama kawaida, lakini tangu Jumanne nimeyarudia kichwani nikipika, nikipiga pasi, nikisubiri usingizi, hata Alhamisi nilipokuwa nikipokea barua ya kupandishwa daraja kazini, na hata jana mdogo wetu alipovishwa pete mbele ya ukoo mzima na watu wakanisifia gauni nisisikie vizuri walichosema. Kinachonisumbua zaidi ni lile "haya" lake. Katika lugha yetu neno hilo ni la kukubali na ni jina la aibu pia, nami sijui Mzee alilisema kwa maana ipi.

Wale mliosoma habari za safari yangu ya Iringa mwezi uliopita mnakumbuka jinsi nilivyoisifu pikipiki hii, Honda CBR600F4i ya mwaka 2002, kwamba pamoja na umri wake ilipita Mikumi na bonde la mibuyu la Ruaha Mbuyuni bila kulalamika. Kuna jambo sikuliandika. Katika kupanda mlima wa Kitonga nilikaa muda mrefu nyuma ya malori yaliyokuwa yakijikokota, na nilipopata nafasi ya kuyapita nikafungua mafuta, mshale wa mizunguko ya injini ukaruka kutoka 6,000 hadi karibu 9,000 huku tarakimu za mwendo zikibaki palepale. Injini ilipiga kelele ya kukimbia, nami nilikuwa nikitembea. Nilirudi nyuma ya lori, moyo ukinidunda, na nikajua wakati huohuo kwamba klachi inateleza.

Klachi ya pikipiki hii huogelea kwenye oili. Pleti za msuguano na pleti za chuma hupangwa kwa kupishana, springi zikazibana pamoja, na kwa kubanwa huko nguvu ya injini hupita kwenda kwenye gia. Ukivuta wenzo, springi hulegezwa na pleti huachana. Ukiuachia, hukamatana tena. Kati ya kuachana na kukamatana kuna kipande kifupi ambapo zinasuguana zikiwa na mwendo tofauti, na hapo ndipo zinapolika na kuungua. Gia ya kwanza ya pikipiki za mbio ni ndefu, kwa hiyo katika foleni ya magari yanayokwenda mwendo wa mtu kwa miguu injini hutaka kuzimika, na mwendeshaji hujikuta ameishikilia klachi nusu, dakika baada ya dakika. Kaka alinikataza jambo hilo siku ya kwanza kabisa aliponifundisha, kwenye barabara ya kwenda Mzumbe: "Ukiivuta, ivute yote. Ukiiachia, iachie yote." Mimi nimeishikilia nusu Kitonga, nimeishikilia nusu Msamvu, hapa Morogoro, kila jioni ninapotoka kazini, na nimefanya hivyo kwa miaka.

Alinifundisha pia kupima kila Jumapili namna wenzo unavyocheza kabla waya haujaanza kuvuta: ncha ya wenzo isogee kati ya milimita 10 na 20, isizidi wala isipungue. Kadiri pleti zinavyolika ndivyo nafasi hiyo inavyopungua, na ikiisha kabisa, waya huwa umeivuta klachi muda wote hata kama mkono wako haujaugusa wenzo. Fundi alipoupima wangu Jumanne, haukucheza hata kidogo. Aliniuliza ninatumia oili gani, maana oili za magari zenye dawa ya kupunguza msuguano huifanya klachi ya namna hii iteleze, nikamwonyesha chupa yenye alama ya JASO MA, kile kiwango cha Wajapani cha oili za pikipiki kilichowekwa mwaka 1998. Akaridhika. Ilibaki kufungua.

Sasa niseme ninachokwepa tangu mwanzo. Mkobani mwangu, begani, wakati ninasema "niliikuta hivi," mlikuwa na daftari la kaka. Nililibeba kwa sababu ndani yake kuna namba ya vipuri. Wasomaji wa siku nyingi mnalijua daftari lile, lenye mwandiko wake mdogo uliolala kulia, ambamo ameandika kila tone la oili alilomwaga. Katika ukurasa wa tarehe za mwaka 2019 ameandika: klachi mpya, kilomita 41,300. Aliniachia pikipiki mwaka 2021 alipohamia Mwanza, ikiwa na kilomita 44,000 na ushei. Leo inasoma 63,000. Nilikuwa nimesoma ukurasa ule asubuhi hiyohiyo. Kwa hiyo maneno yangu mawili yalimbebesha mtu aliye mbali, ambaye hakuwapo kujitetea, mzigo ambao ni wangu mwenyewe, na nilifanya hivyo kwa sababu tu palikuwa na vijana watatu wa gereji wamesimama wakiangalia, nami sikutaka waseme kwamba mwanamke ameiua pikipiki kubwa.

Nimejaribu kujitetea. Nimejiambia kwamba swali la fundi lilikuwa la kazi tu, kwamba alitaka kujua kama tatizo ni la ghafla au la muda mrefu. Lakini kama lilikuwa la kazi, basi nilimdanganya fundi kuhusu kazi yake, na hilo ni baya vilevile.

Pleti mpya zilikuwa zimekwisha kufika. Kwa pikipiki za cc 125 na 150 zinazobeba abiria, pleti za klachi zinapatikana katika kila kibanda cha spea mjini hapa. Kwa hii ilibidi niulize Gerezani, Kariakoo, Dar es Salaam, nikakosa, kisha niagize seti ya kampuni ya EBC kutoka Uingereza na kusubiri majuma manne. Fundi aliniambia nikazilaze kwenye oili usiku kucha kabla ya kuzifunga, kwa kuwa pleti kavu huungua dakika za kwanza tu injini ikiwaka. Nikazilaza kwenye beseni la bluu la mama, moja baada ya nyingine, na nikakaa jikoni nikizitazama zikinywa. Zilikuwa na rangi ya kahawia, kama ya mkate wa kumimina ulioiva, na vijia vyake vilikuwa na kina ambacho kwenye zile za zamani kilikuwa kimefutika. Tulizipima za zamani kwa kalipa: milimita 2.5 penye nene. Mpya zilikuwa 3. Nusu ya milimita ndiyo niliyoila mimi, kidogo kidogo, kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Jumamosi asubuhi nilifika gereji kabla vijana hawajafika. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, mwanangu. Zimelala?" Nikamwambia zimelala. Akaniletea kigoda, akanipa spana, akasema leo nitazipanga mimi, yeye ataangalia. Sikulitarajia hilo. Kava la plastiki la kulia lilikuwa limeshatolewa na oili imeshamwagwa. Mfuniko wa klachi ulikuwa juu ya gazeti, na kando yake zile za zamani zimepangwa kwa mfuatano uleule zilivyotoka. Pleti za chuma alikuwa ameshazilaza juu ya kipande cha kioo cha meza na kupitisha filageji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, chini yake. Mbili zilikuwa zimepinda na zina madoa ya bluu na zambarau, kama oili juu ya maji ya mvua, na hizo alizitenga pamoja na zile zilizolika. Alinionyesha pia meno ya hausingi ya klachi, yaani kikombe cha nje kinachozishika pleti, akayapitishia ukucha wake akinitaka nami nipitishe wangu, tuone kama pleti zimechimba vijishimo vya kuzikwamisha. Hayakuwa na shida.

Nikaanza kupanga: ya msuguano, ya chuma, ya msuguano, ya chuma. Kila moja iliteleza mahali pake kwa mlio mdogo wa kulowana, na oili ikanichuruzika hadi kiwikoni. Ya mwisho kabisa meno yake hayaingii kwenye mifereji ile mirefu ya wenzake. Ina mifereji yake mifupi, imesogea pembeni kidogo, na ukikosea hapo klachi haitaachana vizuri. Nilikosea. Mzee hakusema kitu, aliweka kidole chake tu juu ya mfereji mfupi na kusubiri, nikaitoa nikaigeuza, ikaingia. Tukaweka springi mpya, nikakaza bolti zake kidogo kidogo kwa mkingamo, hii kisha ya upande wa pili, ili sahani ya juu ishuke sawasawa. Kwa muda huo wote sikuwa nimelifikiria lile neno. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata muda mrefu, furaha ya mikono inayojua inachofanya.

Alipokuwa anakwangua mabaki ya gasketi ya zamani kwenye mfuniko, nikamwambia: "Mzee, ile klachi niliiunguza mimi. Kaka aliniachia ikiwa nzima."

Hakuinua kichwa. Akasema, "Haya. Nipe gasketi."

Lilikuwa neno lilelile, na sauti ileile kabisa. Nikampa gasketi.

Alasiri niliitoa kwenda kuijaribu barabara ya Iringa, milima ya Uluguru ikiwa na wingu jeusi upande wa kushoto. Baada ya Mzumbe nikaingiza gia ya tano nikiwa na mizunguko midogo, nikafungua mafuta yote. Mshale na tarakimu vilipanda pamoja, kama watu wawili walioshikana mikono, bila hata mmoja kumwacha mwenzake. Niligeuza nikarudi polepole, nikiivuta klachi yote na kuiachia yote, kila gia.

Usiku nikampigia kaka. Nilimweleza kila kitu: Kitonga, wenzo usiocheza, daftari mkobani, na nilichosema mbele ya wale vijana. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama nimeandika kilomita kwenye daftari. Nikamwambia bado. "Andika," akasema, kisha akaomba aongee na mama. Waliongea dakika tano hivi, harusi na mahari, na simu iliporudi mikononi mwangu akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama ana kikohozi hicho tangu lini?"

Sikuwa na jibu. Yeye amekisikia kwa simu kutoka Mwanza. Mimi nalala chumba cha pili. Nimemuuliza mama, anasema ni moshi wa mkaa tu, utaisha. Nimekaa sebuleni tangu saa nne usiku, taa imezimwa, ninahesabu, na hadi sasa amekohoa mara kumi na moja. Jumatatu nitaomba ruhusa kazini nimpeleke hospitali, na tayari ameshasema haendi.