Nilivyopanga upya skrini ya malipo ya wakulima wa kahawa

Programu ya simu ya chama kimoja cha wakulima hapa Moshi ilikuwa na skrini ya malipo iliyowachanganya watu. Kila taarifa ilikaa ndani ya kisanduku chake chenye fremu: kilo, daraja la kahawa, bei, makato ya pembejeo, kiasi kilicholipwa. Visanduku vilifanana vyote, na nafasi kati yake ilikuwa ileile. Mama mmoja wa Kibosho alisoma makato akidhani ndiyo malipo yake. Hilo liliniuma, maana ni jasho la msimu mzima.

Suluhisho lilianzia kwenye nafasi tupu. Mwaka 1923 mwanasaikolojia Max Wertheimer alieleza kwamba jicho huunganisha vitu vilivyo karibu. Basi niliondoa fremu zote, nikaweka dp 8 (dp ni kipimo cha nafasi kwenye skrini za Android) kati ya mistari ya kundi moja na dp 32 kati ya kundi na kundi. Kichwa cha kundi nilikisogeza karibu na yaliyo chini yake; kikielea katikati, hakijulikani ni cha kundi lipi. Yakabaki makundi matatu: mzigo, makato, malipo. Makato pekee niliyapa mandharinyuma ya kijivu hafifu, kwa kuwa ndiko maswali yalikozidi. Lakini rangi peke yake siiamini: kwenye jua la shambani kijivu hicho hupotea, nafasi hubaki.

Kisha kwenye msimbo niliunganisha kila jina na thamani yake, ili TalkBack, kisoma skrini cha Android, imsomee mtu asiyeona "makato ya pembejeo, shilingi 40,000" kwa mkupuo mmoja.