Mtoto aliposema "naja"

Nilivyopangiwa darasa la kwanza kwenye kijiji kimoja huko Simiyu nilienda na cheti changu, maandalio ya somo yamenyooka, kadi za silabi nimezikata mwenyewe kwenye maboksi, ila Kisukuma sikujua hata salamu. Wiki ya pili hivi, kabinti kamoja kakasimama kakaniambia "mwalimu, naja nyumbani", nikamjibu haya njoo mama, yeye akageuka akatoka nje na daftari lake. Namwita, anazidi kwenda. Nikaona ananidharau mbele ya wenzake, kesho yake nikamsimamisha ubaoni kipindi kizima, anatazama vidole vya miguu tu, hasemi kitu.

Mama anayetuuzia maandazi ndo alikuja kunifungua macho. Akaniambia mwalimu, Kisukuma ukisema kuja ni kwenda, hiyo kuja yenu sisi tunasema kwiza. Yaani mtoto wa watu alikuwa ananiaga! Nililala vibaya sana siku hiyo, asubuhi nikamwomba msamaha mbele ya darasa zima.

Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia shule ya msingi sina ugomvi nako, nakipenda mno, lakini kwa watoto wengi kule ni lugha ya pili na wengine wanakutana nacho vizuri kwa mara ya kwanza darasani, afu wakifika fomu wani kila kitu kinageuka Kiingereza. Kwenye imla wanaandika "lafiki" kwa sababu Kisukuma hakina r, na mimi nilikuwa nachora kosa jekundu tu napita, kumbe mtoto ameandika anachokisikia. Siku hizi nawaweka wawili wawili, mmoja anatamka kalamu au karamu, mwenzie anaonyesha picha ya peni au ya sahani ya pilau, wanarudia mpaka sikio linashika.

Mimi mwenyewe nilivishwa kibao shingoni nikiwa mdogo kwa kuongea Kichaga shuleni, kwa hiyo nikisikia mwalimu anajisifu kwamba kilugha amekifuta darasani kwake naumia kweli. Kuelewa mtoto anasema nini ni sehemu ya kazi yetu, kama ilivyo kusahihisha madaftari.

Ndo maana tulivyokaa juzi kikao cha MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, niliomba saa moja tu, tumkaribishe yule mama wa maandazi atufundishe.