Spea ikikatika nani anabeba?

Duka lolote la spea hapa Tanga, uwe Ngamiani au Makorora, ukiuliza boljointi ya Noah, kile kiungo cha gololi kinachoshikilia tairi la mbele, unajibiwa kwa swali: unataka orijino au ya kawaida? Na hiyo ya kawaida ukiishika ina boksi linang'aa kuliko la orijino, limeandikwa Japani kwa herufi kubwa, afu chuma chenyewe ukikigeuza huku na huku hakina namba, hakina jina la kiwanda, hakina chochote. Bei ndo inatuvuta, sikatai, maisha yenyewe tunayajua. Ila watu wakikaa kijiweni wanabishana ubora tu, oh chuma laini, oh mpira wa mchina, mi kinachonikera zaidi ni kwamba ile spea siku ikikatika haina mwenyewe.

Shemeji yangu ana Noah anabebea mizigo ya duka lake Pangani. Alifunga boljointi mpya ya chini upande wa kushoto, haikumaliza hata mvua za masika, ikachomoka maeneo ya Tongoni akiwa ndo kwanza anatoka kwenye tuta, kwa hiyo spidi ilikuwa ndogo alhamdulillahi. Tairi ikalala, gari ikavutwa pembeni ikamgusa mtu wa bodaboda, akaanguka akachubuka goti na pikipiki ikapinda usukani. Ingekuwa kule Segera barabara imenyooka na malori yanakuja mbele yako sijui tungekuwa tunaongea nini saa hizi.

Tulipoitoa ile kitu tukaiweka juu ya gazeti pale gereji. Kile kibakuli kinachoshika gololi kimepanuka mdomo, gololi imetoka nzima, ndani hamna grisi, kuna uji mweusi wa mchanga na kutu, na ile kofia ya mpira imechanika pembeni mwa kile kipete chake. Boljointi nyingi zinakufa hivo, mpira ukichanika vumbi na maji yanaingia, grisi inaisha, chuma kinasaga chuma mpaka nafasi inakuwa kubwa gololi inaponyoka. Hata nzuri mwisho wake ndo huo, ila nzuri kwa kawaida inakuchukua muda, inagonga gonga chini, fundi akipiga jeki akashika tairi akaitikisa anaisikia inacheza. Hii mpira wake ulikuwa mgumu kama wa kandambili za zamani, umepasuka wenyewe.

Sasa hapo ndo nikaona mpira wa danadana. Muuzaji: "Ami, mi mzigo natoa Kariakoo, kamuulize fundi wako alivyofunga." Fundi: "Kaka spea umeleta mwenyewe, mi nimefunga ulichonipa." Askari wa trafiki yeye hakuuliza boljointi imetoka wapi, anachoona ni gari bovu barabarani na dereva wake amesimama hapo. Na bima ya shemeji ni ile ndogo, ambayo inamwangalia yule uliyemgonga, gari yako utajua mwenyewe. Yani watu wote waliokula hela ya ile spea wako nje, aliyeshika usukani ndo anabeba.

Niwe mkweli lakini, fundi naye mara nyingine ndo chanzo, ndo maana hizi kesi ni ngumu. Kuna mtu anaingiza boljointi kwa nyundo anachana mpira siku hiyohiyo. Kuna anayesahau kotapini, kile kipini kinachozuia nati isifunguke. Kuna bushi, zile za mpira za kwenye mikono inayoshika tairi, zinakazwa gari ikiwa inaning'inia kwenye jeki, wakati zinatakiwa zikazwe uzito wa gari uko chini, la sivyo mpira unakaa umejipinda muda wote na unakatika mapema, afu unalaumu duka. Na sisi wenye magari na hizo spesa zetu za kuinulia gari, IST imepandishwa mpaka inafanana na mbuzi, boljointi na sivi jointi za kwenye ekseli zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikutengenezewa, halafu unataka zidumu! Kwa hiyo muuzaji akisema "fundi" hasemi uongo kila siku.

Ila usiniambie basi hakuna cha kufanya. Orijino nazo zinafeli. Mwaka 2007 Toyota waliita zaidi ya magari laki 5 kule Marekani, Tundra na Sequoia, kisa boljointi za mbele zinalika kabla ya wakati. Tofauti ni kwamba kulikuwa na wa kumwita, kampuni inajulikana, gari zinajulikana, ukarabati ukafanyika kwa gharama yao. Hii ya kwetu utamwita nani wakati hata kiwanda hakijajiandika?

Na sheria ipo jamani. Sheria ya uuzaji wa bidhaa inasema ukimweleza muuzaji kazi unayoitakia bidhaa na ukategemea ujuzi wake, bidhaa inatakiwa ifae kwa kazi hiyo, na kuna Tume ya Ushindani inayoshughulika na bidhaa feki na malalamiko ya walaji. Tatizo unaenda na nini mkononi? Risiti ya shemeji ilikuwa ya EFD kabisa, ile mashine ya kodi ya TRA, halali, lakini imeandikwa neno moja, SPEA. Boksi alishatupa, kama tunavyotupa wote. Spea iliyokatika fundi alitaka kuitia kwenye ndoo ya skrepa, nikaidaka mimi.

Mwisho wa siku muuzaji akatoa boljointi nyingine, ya boksi lilelile, eti abadilishiwe yaishe. Shemeji akagoma, wakavutana pale mbele ya wateja mpaka akarudishiwa hela ya spea. Ufundi, fenda, na pikipiki ya watu kalipa mwenyewe. Siku hizi hafungui pochi mpaka risiti iandikwe spea gani, ya gari gani, upande gani, na boksi anarudi nalo nyumbani, dada yangu analalamika stoo imejaa maboksi. Juzi muuzaji mmoja kamuuliza, "Kwani shehe, we ni TRA?"